Daftari la Nesi wa Mbamba Bay

Siku ya kwanza kazini nilivaa soksi ndefu nyeupe zilizofika magotini, kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe, na tai. Mbinga asubuhi ile ilikuwa ukungu na matope mekundu, na kabla sijaufikia mlango wa ofisi soksi moja ilikwisha kuwa rangi ya udongo. Nilikuwa nimetoka chuoni Kampala miezi michache tu, nikiwa na stashahada, sanduku la bati, na imani kwamba Serikali ya Tanganyika ilikuwa ikinisubiri mimi ili ianze kazi. Karani Mkuu alianza kunitazama kutoka miguuni, akafika kwenye magoti, akaona haina haja ya kuendelea juu.

"Wewe ndiye msomi," alisema. Halikuwa swali, na wala haikuwa sifa.

Vijana wanaokuja siku hizi kuniuliza jinsi kazi ya kuandika maisha ya watu ilivyofanywa zamani hutegemea nitawasimulia habari za kalamu na mashine. Nitawasimulia. Lakini ni haki wajue tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya nikiwa na wasiwasi, na kwamba wasiwasi huo niliutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Majina ya watu humu nimeyabadilisha. Sababu itaonekana.

Karani Mkuu alikuwa mwalimu wa zamani wa misheni, mtu mfupi, asiyeharakishwa na yeyote, hata na wazungu. Siku ile ile alinipa madaftari matatu na kunifundisha ufundi wote kwa muda wa chai moja. La kwanza aliliita daftari la kusikia. Humo unaandika kila kinachotoka mdomoni mwa msimulizi, hata kama hakina kichwa wala miguu, hata kama unajua si kweli. La pili ni daftari la kuuliza. Kesho yake unarudi kwa msimulizi, unamsomea uliyoandika, naye anakukatiza, nawe unauliza: lini, wapi, nani mwingine alikuwepo. Majibu yanaingia humo. Ni baada ya hapo tu ndipo unafungua daftari la tatu, la nakala safi, ambalo likisomwa na Bwana Mkubwa na kugongwa muhuri hupigwa chapa kwenye stensili, yaani ile karatasi ya nta inayotobolewa na herufi, halafu wino unapita kwenye matundu na kutoa nakala mia kwa kuzungusha mkono wa mashine.

"Na daftari la kusikia?" niliuliza.

"Nakala safi ikishagongwa muhuri, la kusikia linaenda kwenye sanduku la kuchoma. Serikali haiwezi kuwa na maneno mawili."

Niliyaandika hayo yote vizuri. Kichwani nilikuwa najiambia kwamba mtu aliyefanya mitihani ya historia kwa Kiingereza hahitaji madaftari matatu kumsikiliza mama mmoja.

Mkubwa wetu tulimwita Bwana Maendeleo, kwa kuwa cheo chake halisi kilikuwa kirefu na yeye mwenyewe hakukipenda. Alikuwa Mwingereza mwembamba aliyejifunza Kiswahili kwa vitabu, na alizungumza kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akitua kidogo kwenye kila neno. Wakati huo ofisi yetu ilikuwa ikiendesha madarasa ya kisomo kwa watu wazima, na wanawake walikuwa wanaacha kuja baada ya wiki ya tatu. Vitabu tulivyowapa vilieleza jinsi ya kuchimba choo. Bwana Maendeleo, ambaye hakuwa mjinga, alisema kwamba mwanamke atajitahidi kusoma kama kitabu kina habari za mwanamke anayemfahamu. Na wanawake waliofahamika na kila mtu, kutoka milimani kwa Wamatengo mpaka ziwani, walikuwa wanawake wa michezo.

Hapa inabidi nieleze. Kule pwani ya Nyasa kuna ngoma ya wanawake iitwayo kioda. Wanavaa nguo za rangi moja, wanapanga mistari, wanakwenda na kurudi kwa hatua ndogo ndogo kama jeshi lisilotaka kupigana. Kikundi cha Mbamba Bay kilikuwa kimeongeza kitu chake katikati ya ngoma. Wanawake wawili walinyanyua kaniki mbili zilizoshonwa pamoja, na zilipoteremshwa ulikuta mchezo wa kuigiza umeanza. Wahusika walikuwa wale wale miaka yote. Alikuwepo Malkia. Alikuwepo Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali, aliyeigizwa na mama mnene aliyevaa kofia iliyotengenezwa kwa kibuyu. Na alikuwepo Nesi, mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliyekuja mwishoni kutibu kila aliyeumizwa na mchezo, akiwaambia maneno makali huku akiwafunga bandeji. Watu walitembea kutoka Lipingo kwa miguu ili kumsikia Nesi akiwatukana wagonjwa. Kikundi kililipwa unga, na usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, na kilipanda mpaka Mbinga wakati wa mavuno ya kahawa.

Agizo lilikuwa kijitabu kimoja, maisha ya wanawake watatu wa jukwaa. Malkia na Bwana Shauri niliwaandika bila taabu. Nesi wa wakati ule alikuwa Mama Oresta, mjane wa miaka kama thelathini, aliyeishi karibu na gati la Mbamba Bay na binti yake wa pekee, Oresta, mtoto wa miaka kumi aliyekuwa darasa la tatu. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Alinisimulia kwa alasiri mbili, akianika usipa kwenye chanja, bila kunitazama. Sijawahi kusikia mtu akisimulia hivyo. Hakusita, hakurudia, hakusema "nafikiri". Alieleza jinsi wakati wa vita vya Wajerumani alivyobebeshwa mzigo wa unga kutoka ziwani kwenda milimani, mtoto mgongoni, na jinsi mtoto huyo alivyobaki njiani. Alieleza jinsi alivyoolewa Lipingo na mume aliyempiga, na jinsi mume huyo alipolala mgonjwa yeye alifunga mkeka wake akaenda kungoja meli. Alieleza ng'ambo ya ziwa alikofika, na mambo mengine ya huko. Niliandika kurasa kumi na nane.

Vita vya Wajerumani vilinisumbua. Mwanamke wa miaka thelathini hakuweza kubeba mzigo katika vita vile, vilivyokwisha kabla hajazaliwa. Daftari la kuuliza lilikuwa ndani ya mfuko wangu. Lakini lori la kwenda Mbinga lilikuwa limekwisha piga honi, na lori jingine lingekuja baada ya siku nne, na nilikuwa nimechoka kula usipa. Nilijiambia kwamba hiyo ni chumvi ya wasanii. Alipoona nainuka, Mama Oresta aliuliza jambo moja tu.

"Bwana Karani, utarudi kunisomea?"

Nilimwambia nitarudi.

Nilipofika Mbinga niliandika nakala safi kwa siku mbili. Vita nikaviondoa, kwa kuwa havikuingia kwenye hesabu ya umri. Mwisho wake nao, ambao ulikuwa wa ajabu na haukuwa na fundisho, nikauondoa, nikaweka sentensi ya kwangu: sasa nina furaha ya kuwaelimisha wenzangu. Juu kabisa nikaandika kichwa cha habari ambacho yeye hakukitamka kamwe: Maisha ya Mama Oresta, Nesi wa Mbamba Bay. Bwana Maendeleo aliisoma nakala akasema ni kazi safi. Muhuri ukagongwa. Jioni ile nilitupa daftari la kusikia kwenye sanduku la kuchoma kwa furaha ya mtu aliyemaliza mtihani.

Kijitabu kilipendwa. Wanawake walirudi darasani. Nakala zilipelekwa makao makuu ya Jimbo na barua ya pongezi ikaja, na Bwana Maendeleo akaibandika ukutani, upande wa dirisha, ili mwanga uiangukie. Kwa wiki tano nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mbinga, na nilitembea nikiangalia kama watu wananitambua.

Wiki ya sita Mama Oresta alishuka kutoka kwenye lori la samaki, akiwa na harufu ya safari, akaingia ofisini na kijitabu mkononi. Karani Mkuu alimpa kiti. Nilimwamkia Shikamoo Mama, ingawa alinizidi miaka michache tu. Hakuitika marahaba. Alikiweka kijitabu mezani.

"Oresta amenisomea," alisema. "Mimi nilimpa mgonjwa dawa mpaka akafa mikononi mwangu. Nilimwosha mwenyewe. Hapa mwanangu anasoma kwamba nilimwacha baba yake kitandani."

Nilisema, kwa ujinga wa hofu, kwamba ni yeye aliyesema.

"Nilisema mimi Nesi."

Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani. Katika kikundi chao, mwanamke akipewa nafasi hapewi nguo na maneno tu. Anapewa maisha. Aliyetangulia anamkalisha chini miezi mizima na kumsimulia yaliyompata yeye, na yaliyompata aliyekuwa kabla yake, na yote yanasimuliwa kama yaliyompata msimulizi mwenyewe. Kule ziwani anayerithi jina la marehemu huwa ndiye marehemu, anaitwa mume na wajane na baba na watoto, na hakuna anayeshangaa. Wanawake wa michezo walifanya hivyo hivyo na nafasi zao jukwaani. Nesi alikuwa amebeba unga vitani. Nesi alikuwa amekimbia Lipingo. Mama Oresta alikuwa ameongeza kipande chake kidogo, cha kumzika mume, lakini alikuwa hajafika hapo lori lilipopiga honi.

Kila mtoto wa Mbamba Bay alilijua jambo hili. Ilihitajika stashahada ili kutolijua.

Lakini hakuwa amekuja kunisuta. Shemeji yake, Bwana Damian wa Litumbandyosi, alikuwa amepata nakala ya kijitabu kwenye darasa la kisomo la huko. Tangu msiba alikuwa akidai kwamba Oresta ni mtoto wa ukoo na anapaswa kupelekwa shambani kwake. Wazee walimkatalia kwa sababu moja tu: mama alimhudumia mumewe mpaka kaburini, na mama wa namna hiyo hanyang'anywi mtoto. Sasa Damian alikuwa amefungua shauri kwenye Baraza la Mbamba Bay, na ushahidi wake ulikuwa kitabu cha Serikali, chenye muhuri, ambamo mama mwenyewe anakiri.

"Waambie Baraza si wewe," nilisema.

"Nikisema si mimi, wataniuliza ni nani." Alikuwa anatazama mikono yake. "Aliyekimbia ana watoto na wajukuu wanaokaa viti vya mbele kanisani. Nilipopewa maisha yake niliapa. Sitamtaja."

Shauri lilikuwa baada ya wiki mbili. Aliomba nimpe kitu kimoja, lile daftari nililokuwa naandikia pale kwenye chanja. Alikumbuka vizuri kwamba alianza na vita, na kwamba mimi niliandika. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba aliyebeba mzigo kwenye vita vile hawezi kuwa yeye, na hapo hakuna atakayetajwa.

Nilimwambia nitalileta. Sikumwambia nilikuwa nimelitupa.

Wale wanaodhani kazi ya karani ni ya kukaa tu hawajawahi kupekua sanduku la kuchoma lililokwisha kuwa tupu. Mzee Kinunda, tarishi wetu, ndiye aliyechoma karatasi kila mwisho wa mwezi, na miisho miwili ya mwezi ilikuwa imepita. Nilimwuliza kama anakumbuka daftari lenye jalada la bluu. Alisema anachoma makaratasi, hayasomi. Usiku sikulala, na mchana nilikosea kuandika tarehe kwenye barua mbili. Nikamwendea Karani Mkuu na kumweleza yote, nikitegemea atanigombeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo nililoogopa zaidi ya kugombezwa.

"Daftari la kuuliza uliandika nini?"

Nililileta. Lilikuwa jeupe kuanzia ukurasa wa kwanza. Aliligeuza geuza, akanirudishia, akarudi kwenye kazi yake. 

Bwana Maendeleo nilimwendea siku iliyofuata. Huyu alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Alitazama barua ya pongezi pale ukutani, akanitazama, akavuka mto wake kwa mawe.

"Ukienda Baraza ukisema kitabu kina uongo, mimi nitaandika Jimboni kwamba kina uongo. Kitachomwa. Na jina lako litakuwa kwenye jalada, pamoja na sababu. Unaelewa?"

Nilielewa. Nilikuwa na wadogo zangu watatu shuleni wakinitegemea, na nilikuwa bado katika muda wa majaribio. Hakunikataza kwenda, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Angenikataza ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Zikiwa zimebaki siku tatu, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya ofisi nikitunga sentensi ambayo ingekuwa kweli bila kuniumiza. Mzee Kinunda alikuja akaketi kando yangu na kuanza kusokota sigara. Tumbaku yake ilikuwa ile nyeusi ya Songea. Karatasi yake ilikuwa na mistari, na juu ya mstari mmoja, kabla hajailamba, niliona neno "mkeka" kwa mwandiko wangu.

Nilimshika mkono. Alidhani nimeugua.

"Mzee, hii karatasi umeitoa wapi?"

"Si lile la bluu uliloliuliza?" alisema kwa upole. "Hilo sikulichoma. Karatasi yake laini, haikwaruzi koo. Nilidhani unataka kuhakikisha limechomwa, nami nikasema nisikutie wasiwasi."

Lilikuwa nyumbani kwake, juu ya mlango. Alikuwa amelivuta kuanzia mwisho. Kurasa kumi na nane zilikuwa zimebaki sita, na ile ya mkononi mwake ikawa ya saba. Mwisho wote wa maisha ya Nesi, ng'ambo alikofika na yaliyofuata, ulikuwa umekwenda juu ya mapaa ya Mbinga kama moshi. Ukurasa wa kwanza ulikuwepo. Vita vya Wajerumani vilikuwepo. Nilikaa kwenye kizingiti cha Mzee Kinunda nikisoma maneno hayo mara tatu, naye akaniomba, kama si usumbufu, nimrudishie jalada.

Baraza lilikaa kwenye banda la mawe karibu na gati. Hakimu alikuwa mzee mwenye jicho moja lenye mtoto wa jicho, na koti la kijeshi lililokwisha rangi. Wanawake wa kioda walikaa upande mmoja, wamevaa sare kama wanaokwenda kucheza. Katikati yao alikuwa Bibi Kolumba, mzee wao, aliyekuwa Nesi zamani na sasa alitembea kwa fimbo. Oresta alikaa chini, karibu na miguu ya mama yake, akiwa na nguo ya shule. Hakumtazama baba yake mdogo. Alinitazama mimi, kwa sababu yeye alikuwa amekisoma kile kijitabu, na alijua jina langu lilikuwa ukurasa wa nyuma.

Bwana Damian aliongea vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shamba kubwa na watu wachache, na alimpenda marehemu kaka yake. Alimpa karani wa Baraza kijitabu asome, na mahali pa mkeka na meli watu walijisogeza mbele ili wasikie. Hakimu alimwuliza Mama Oresta kama maneno haya ni yake.

"Ni ya Nesi," alisema, na hakuongeza.

Ndipo nikaitwa. Nilisimama mbele yao na zile soksi ndefu. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyeandika kitabu, na kwamba si sahihi, kwa kuwa nilikata mwanzo na mwisho na sikurudi kumsomea msimulizi kama nilivyofundishwa. Nilisema hayo kwa haraka, kama mtu anayemeza kwinini. Kisha nikasoma ukurasa wa kwanza wa daftari la kusikia, mzigo wa unga, njia ya kupanda milimani, mtoto aliyebaki.

Hakimu aliinua mkono. Aliuliza Mama Oresta ana umri gani. Mama Oresta alisema alizaliwa mwaka ule nzige walipokula mihogo. Wazee waliangaliana wakahesabu kwa vidole.

"Njia hiyo ya unga naijua," Hakimu alisema. "Nilipita nayo, nikiwa mpagazi. Huyu mama alikuwa bado hajazaliwa, wala mama yake hajaolewa."

Watu walicheka, lakini Bwana Damian hakukubali kushindwa kirahisi. Alisema vema, kama si yeye, Baraza limwulize ni nani. Kwa kuwa mwanamke fulani amemwacha mume kitandani, na kitabu kimesema ni wa Mbamba Bay, basi atajwe. Huo ndio mlango niliokuwa nimeusahau. Nilimwona Mama Oresta akifunga macho.

Bibi Kolumba aliinuka kwa fimbo yake. Hakuomba ruhusa. Alianza pale nilipoishia mimi, katika ukurasa ambao sikuwa nimeusoma, kwa maneno yale yale, kwa pumzi ile ile: nikaolewa Lipingo, mume wangu alikuwa na mkono mzito. Mwanamke aliyecheza Malkia, pembeni yake, alidakia: akalala mgonjwa, nami nikafunga mkeka wangu. Na yule mama mnene wa kofia ya kibuyu naye akaendelea: nikakaa gatini siku mbili nikingoja meli. Nilikuwa na daftari mkononi na nilifuatilia kwa kidole. Hakuna aliyekosea neno.

Hakimu aliwaacha mpaka wakanyamaza wenyewe.

"Bibi," alisema, "aliyemwacha mume ni nani?"

"Nesi."

"Nesi yupi?"

"Wa Mbamba Bay, mheshimiwa. Hatuna mwingine."

Hakimu alinigeukia. "Karani. Wewe uliandika maisha ya nani?"

Niliangalia zile kurasa mkononi. "Sijui, mheshimiwa."

Aliamuru jibu hilo liandikwe, na likaandikwa: karani wa Serikali hajui. Kisha akaita majirani wawili, ambao walieleza jinsi walivyomwona Mama Oresta akimbeba mumewe mgongoni kumpeleka zahanati. Akasema kijitabu si shahidi, mtoto abaki na mama yake mpaka akue achague mwenyewe, na Bwana Damian awe anakuja kumsalimu kama baba mdogo. Oresta alimshika mama yake upindo wa nguo na hakuuachia mpaka nilipoondoka.

Bwana Maendeleo alifanya kama alivyosema. Vijitabu vilikusanywa vikachomwa na Mzee Kinunda, ambaye alilalamika kwamba karatasi ya stensili haifai kwa lolote. Barua ya pongezi ilitolewa ukutani. Barua nyingine ikaingia kwenye jalada langu, ikanifuata kila nilikohamishiwa: Tunduru, Masasi, Njombe, kwa wakubwa wazungu na baada ya Uhuru kwa wakubwa waliosoma nyuma yangu. Kila mkubwa mpya aliisoma siku ya kwanza, akaniangalia, akanipa kazi ya kuhesabu viti. Karani Mkuu peke yake ndiye aliyeniandikia nilipoondoka Mbinga. Ilikuwa karatasi moja, na ndani yake alikuwa amefunga daftari jipya, tupu, ameandika juu yake kwa mkono wake: la kuuliza.

Sikulitumia. Kwa miaka ishirini na tano ya kazi niliandika mambo mengi, ripoti za visima na mihtasari ya vikao, lakini maisha ya mtu sikuyagusa tena. Niliogopa. Kila nikimsikia mwanamke akisema jambo lililompata, niliaga nikaondoka.

Nimestaafu mapema kidogo na kurudi huku Mbinga, ninalima kahawa vibaya. Mwezi uliopita nilishuka Mbamba Bay, nikiwa na zile kurasa saba katika bahasha. Nilimkuta Oresta, mama mtu mzima, ana watoto wanne. Mama yake na Bibi Kolumba wamekwisha kufa. Alinikaribisha, akaniamkia Shikamoo, nami nikaitika nikiona aibu. Nilimweleza nilichokuja kutafuta: mwisho, zile kurasa zilizovutwa.

Alikunja mguu, akaanza kusimulia kama yaliyompata yeye mwenyewe, bila kusita. Alibeba unga. Alifunga mkeka. Alifika ng'ambo, akakuta hakuna anayemjua na kila mtu anamwuliza ametoka wapi na mume wake yuko wapi, akachana kanga yake nyeupe akaifunga kichwani kama nesi wa misheni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena. Walimletea wagonjwa tu. Huo ndio ulikuwa mwisho uliovutwa. Niliukumbuka mara tu alipousema, na nikaelewa kwa nini kijana wa miaka ishirini na minne aliukata.

Lakini hakuishia hapo. Alimzika mume wake Mbamba Bay kwa mikono yake. Kisha akaitwa Barazani, kwa sababu ya karani mwembamba mwenye soksi ndefu aliyekuwa na haraka ya lori, na mtoto wake alikaa chini miguuni pake, na mtoto huyo alimwona karani anatetemeka, akasema moyoni, huyu anaogopa kuliko sisi, labda atasema kweli.

Nilitaka kumwambia kwamba lori nalo lilikuwa na makosa yake. Badala yake nikaandika.

Alipomaliza jua lilikuwa bado juu. Nilifungua mkoba nikatoa daftari la Karani Mkuu, limekuwa la manjano pembeni, nikampa habari kwamba nitarudi kesho kumsomea.

"Kesho lini?" alisema. "Soma sasa."

Nikasoma. Alinisimamisha kwenye sentensi ya pili.